Tembo wa sebuleni na yule mtoto aliyekosewa

Jamani nimenunua picha ya tembo. Ukuta wa sebuleni ulikuwa mtupu tangu tuhamie Bagamoyo, basi jumamosi nikapita kwa vijana wanaochora kule Mji Mkongwe nikaiona, tembo saba wako majini, jua linazama, vumbi jekundu nyuma yao. Sio Tingatinga (naipenda sana, mzee Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na rangi za baiskeli kwenye hadibodi, ila kwangu zingegombana na mapazia), hii imetulia, maji kama unayasikia vile. Bei tulivutana weee, siitaji hapa maana mume wangu anasoma humu.

Kasheshe jumapili. Mjomba kashuka kutoka Mkwaja, mtu kazeekea jirani na mbuga ya Saadani, tembo kwake kama ng'ombe wa jirani tu. Kaitazama picha mpaka chai ikapoa.

"Mwanangu, aliyechora hii hajakaa akamwona tembo anakunywa."

Kumbe yule mtoto pale pembeni, anayejimiminia maji mdomoni na mkonga kama mkubwa, ni uongo mtupu! Mjomba anasema kichanga cha vile mkonga bado unamshinda, unaning'inia tu, mara aukanyage, kwa hiyo anapiga magoti anakunywa kwa mdomo mpaka ajifunze. Halafu yule wa mbele kachorwa dume, paji la uso limeviringana, wakati anayeongoza kundi la mama na watoto ni bibi yao, yeye ndo anajua maji yako wapi kiangazi. Madume yakishabalehe yanaondoka. Na pembe zile ndefu karibu ziguse maji? Mjomba kacheka, "hizi zingeshapita hapa hapa Bagamoyo zamani, mabegani mwa wapagazi, zikapanda jahazi kwenda Unguja." Nikanyamaza, maana toka nimeitundika hilo halijanijia kichwani hata mara moja.

Jumatatu nikairudisha. Kijana wala hakukasirika, anasema wateja wanataka mkonga juu, mtoto aliyeinama hauziki. Kwa elfu kumi akakubali kumrekebisha mtoto tu, dume kalikatalia katakata.

Nimeitundika tena jana. Mtoto kapigishwa magoti vizuri, mdomo uko majini, raha kumtazama. Ila kivuli chake kwenye maji kijana kakisahau, bado kimeinua mkonga.

Mjomba anakuja tena Idi.