Greenland ilivyonilia chapati nne

Mwaka 2003 nipo form two, ukutani darasani kwetu kulikuwa na ramani moja ya dunia imechakaa pembeni, siku hiyo jamaa niliyekaa naye dawati moja akaniuliza kati ya Greenland na Kongo ipi kubwa. Mi bila kufikiri nikasema Kongo, maana jirani yetu alikuwa dereva wa lori la Lubumbashi na akiondoka anapotea wiki tatu nzima, nchi ya kumeza mtu hivyo haiwezi kuwa ndogo. Jamaa akacheka, akanyoosha kidole ukutani. Tukawekeana chapati nne.

Tulikuwa ndo kwanza tumefundishwa kutafuta eneo kwa kuhesabu viboksi, basi tukaweka tresing pepa juu ya ramani, tukachora mipaka, tukaanza, boksi zima moja, nusu na nusu unaunganisha... Kongo haikufua dafu kabisa, yaani Greenland ilikuwa inakaribia Afrika nzima! Nikanunua chapati, jamaa akala zote nne hata kipande hakunikatia.

Roho iliniuma nikapekua kurasa za nyuma za atlasi. Kongo kilomita za mraba 2,345,000 hivi, Greenland 2,166,000, Afrika zaidi ya milioni 30, kumbe Greenland 14 zinaingia humo! Nikampelekea mwalimu, akasema skeli si iko pale chini, kakae.

Likizo nikaenda Tanga kwa mjomba, baharia mstaafu, nikamsimulia. Akaniuliza kitu kimoja tu, mistari ya kwenda juu imenyooka mpaka mwisho bila kukutana? Nikasema ndio. "Hiyo Mercator hiyo, mjomba, ya kushikia njia, sio ya kupimia shamba." Kumbe Gerardus Mercator aliichora 1569 kwa ajili ya mabaharia, unapiga mstari kwa rula bandari hadi bandari, unasoma pembe mara moja, unaishika hiyo hiyo kwenye dira mpaka unafika. Sasa mistari ile ya kwenda juu kwenye tufe inakutana kule ncha, yeye kaitanua ibaki sambamba, na ili pembe zisiharibike ikabidi avute na kwenda juu pia, ndo maana ukifika nyuzi 60 kutoka ikweta kila upande umezidi mara mbili na ardhi imevimba mara nne, na Greenland karibu yote iko juu ya hapo. Skeli ya chini ni ya ikweta. Na ikweta inapita Kongo! (Baadaye nikaja kuiona ramani nyingine, ile ya Arno Peters ya 1973, maeneo yako sawa kweli, ila Afrika imevutika kama unga wa chapati uliozidi maji, mi sura ile hapana.)

Shule ilipofunguliwa nikamfuata jamaa na namba zangu, nikadai chapati. Akasikiliza mpaka mwisho, mpaka nyuzi 60, akaniambia sisi tulipeana mikono kwa ramani ya ukutani, kwenye atlasi yeye hakuweka dau na mtu.