Siku moja gerejini: Land Cruiser ya Mau Narok iliyokuwa ikichemsha

Saa 1:10 asubuhi

Gereji yetu iko upande wa Shabab, Nakuru. Leo sijavaa hata ovaroli na tayari kuna Land Cruiser pikapu langoni, ile ya injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Mwenyewe ni mzee anayelima viazi Mau Narok. Ameshuka alfajiri bila mzigo, kwa sababu akipakia magunia na kushika mlima gari linachemsha. Gereji aliyoenda kwanza ilimwambia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake, imeungua na hedi lazima ishuke.

"Fundi, kuna ng'ombe nimeshaongea na mnunuzi," akaniambia. "Kama ni hedi kweli, nimuuze leo nimalize."

"Mzee, usimuuze kwanza. Hebu kaa tuongee."

Watu hushangaa nikikaa na mteja kabla ya kushika spana, lakini gari linalochemsha husema ugonjwa wake mapema ukijua kumuuliza dereva. Linachemsha lini? Likienda polepole na mzigo, au likikimbia kwenye lami? Linachemsha hata likiwa limesimama tu? Maji yanapungua bila kuvuja popote? Asubuhi, injini ikiwa baridi, hozi ya juu huwa ngumu punde tu unapowasha?

Mzee alijibu vizuri, maana gari lake analijua. Kwenye lami kati ya Njoro na Nakuru mshale wa joto hautikisiki. Shida huanza akitoka Njoro kupanda, gia ya pili, magunia nyuma, au akiwa ndani ya shamba kwenye matope. Akifika tambarare na gari likashika mwendo, mshale hurudi.

Hapo moyo wangu ulitulia. Gari linalochemsha polepole na kupoa likikimbia mara nyingi limekosa upepo. Kwenye mwendo mkali barabara yenyewe hupuliza rejeta. Mlimani, gia ya chini, mwenye kupuliza ni feni peke yake. Linalochemsha kwenye mwendo mkali ndilo hunipeleka kwenye rejeta iliyoziba ndani au wota pampu. Na lenye gasketi iliyoungua kwa kawaida halichagui, linasumbua kila mahali na linakunywa maji.

Saa 2:00

Chai na mandazi, haraka. Kuna Probox ya breki na matatu ya kubadilishwa oili, nikawaachia wenzangu.

Saa 2:20

Nilianza na lile lililomtisha mzee. Tuna chupa ya kupimia moshi: unaiweka mdomoni mwa rejeta, ndani ina maji ya dawa ya buluu, kisha unavuta hewa iliyo juu ya maji ya rejeta ipite kwenye ile dawa injini ikiwa inanguruma. Moshi wa silinda ukiwa umepenya kwenye maji, dawa hubadilika rangi. Nilimwita mzee aje aangalie kwa macho yake. Tukavuta, tukangoja, tukaongeza moto, tukavuta tena. Buluu ile ile. Ndani ya rejeta hakukuwa na mapovu ya kupanda mfululizo, na kifuniko cha oili hakikuwa na ule urojo mweupe.

"Kwa hivyo ng'ombe?"

"Ng'ombe abaki zizini, mzee."

Hili jambo linaniuma, na nitalisema wazi. Kipimo hiki huchukua dakika chache. Kumwambia mkulima ashushe hedi bila kukifanya ni kumla mtu jasho lake.

Saa 3:15

Nikamulika tochi mbele, kati ya rejeta na kondensa ya AC, ile inayopoza gesi ya AC na hukaa mbele ya rejeta. Ukisimama mbele ya gari unaona kondensa safi kabisa, kwa sababu mzee huosha gari lake kila Jumamosi kwa pampu ya maji. Lakini maji yanayorushwa kutoka mbele husukuma uchafu ndani, ukagote kwenye rejeta na kukaa pale. Tukafungua kava ya feni, tukalegeza rejeta, tukaiinamisha kuelekea injini.

Nilichokuta nilikitoa kwa vidole. Ukuta wa udongo wa Mau uliokauka, umechanganyika na mbegu za nyasi na mabawa ya wadudu, umefunika nusu ya chini ya rejeta yote. Kipande kimoja kilitoka kizima, nyuma yake kikiwa na alama za mapezi ya rejeta, mstari kwa mstari. Nilimpa mzee akishike. Alikigeuza mara mbili tatu mkononi bila kusema kitu.

Kuosha rejeta ya aina hii kuna adabu yake. Maji yatoke upande wa injini kwenda mbele, njia ambayo uchafu uliingilia irudi nayo. Presha iwe ya chini, maana mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi na upepo ukakosa pa kupita. Udongo mgumu tunauloweka kwa maji ya sabuni, tunasubiri, tunaosha tena. Kazi hii imenila karibu saa nzima na sijutii.

Saa 4:40

Feni. Kwenye injini hii inaendeshwa na mkanda kupitia habu ya viskasi, ndani yake mna mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa ya moto, habu inatakiwa ishike na feni ivute kwa nguvu, unasikia mngurumo wake. Kabla ya kufungua nilikuwa nimeipasha injini, nikaizima, nikaisukuma feni kwa mkono. Ilizunguka kama pangaboi la dari lililozimwa sasa hivi. Nyuma ya habu kulikuwa na vumbi lenye mafuta, ishara kwamba silikoni ilivuja zamani.

Habu hizi zinaweza kufunguliwa na kujazwa silikoni upya, na nimeshafanya hivyo kwa wateja. Hii beringi yake ilikuwa inacheza, nikakataa. Kuna za mitumba kutoka Japani, bei nafuu, ila hujui kama nayo imebaki na uhai. Tulikubaliana na mzee anunue mpya, kijana ninayemfunza akatumwa mjini kwa duka la spea.

Saa 6:00 mchana

Nikingoja habu, nilifungua nyumba ya thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto. Tupu! Fundi fulani huko nyuma aliitoa.

Hapa Kenya tabia hii imezagaa mpaka watu wanaiona ni tiba. Gari likichemsha, thamostati nje. Lakini kwenye Toyota nyingi za dizeli thamostati ina vali mbili. Ikipata moto hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo chini hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na hilo linakugharimu mlimani hasa, wakati unahitaji kila tone lipoe. Asubuhi za baridi za Mau nazo, injini inachelewa kupata joto lake, inakula dizeli na kuchakaa.

Kijana alirudi na habu pamoja na thamostati mpya ya nyuzi 82. Nikamwambia aitie kwenye sufuria ya maji jikoni, aining'inize kwa uzi isiguse chini, kipima joto kando. Ikaanza kufunguka mahali pake, juu kidogo ya 80. Maji yakachemka, yeye akaitoa akasema ni mbovu, haijafunguka yote.

Nikamweleza. Thamostati hii hufunguka kabisa kwenye nyuzi 95 hivi. Sisi Nakuru tuko mita 1,850 juu ya bahari, na hapa maji ya sufuria huchemka kwenye 94, hayapandi zaidi hata ukoleze moto. Kinachotazamwa ni inaanza lini, inaendelea kufunguka vizuri, na inajifunga ikipoa. Hii ilikuwa nzima.

Ndiyo maana pia sikukubali kifuniko cha zamani cha rejeta, kilichoandikwa 0.9. Mpira wake ulikuwa umepasuka, na kwenye pampu ya kupimia kilishindwa kufika hata nusu ya presha hiyo. Mau Narok iko juu zaidi ya mita 2,500, maji ya wazi huko huchemka kabla ya 93. Kifuniko kizima hubana presha na kusogeza kiwango hicho kupita 110. Kikivuja, gari la mlimani ndilo la kwanza kuumia.

Saa 7:30

Githeri, na kiti kivulini.

Saa 8:10

Kufunga. Thamostati imekaa na kile kitundu chake chenye kipini juu, ili hewa ipate njia. Kava ya feni tuliyokuta imefungwa kwa waya tumeishika kwa bolti zake, kwa sababu ikiwa na pengo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya hewa iliyopita kwenye rejeta. Koolanti nusu, maji safi yasiyo na madini nusu. Maji ya visima vyetu vya Bonde la Ufa sitii kwenye injini ya mtu, yanaacha magadi ndani ya mirija.

Kisha kutoa hewa. Gari pua juu kwenye kilima cha getini, hita wazi, kifuniko wazi, kijana anaminya hozi ya juu mpaka mapovu yaishe. Ukiruka hatua hii unaweza kuharibu kazi ya siku nzima.

Saa 9:30 alasiri

Tukapakia magunia ya mchanga, tukapita Milimani, tukashika barabara ya Menengai. Sikutaka lami ya mwendo. Nilitaka mlima, gia ya chini, AC ikiwaka. Pale kwenye mwinuko mkali niliingiza lo, zile gia nzito za 4x4, nikalitambaza gari. Feni ikashika kwa mngurumo. Mzee alikuwa ameinamia dashibodi, macho kwenye mshale. Juu karibu na kreta nilipima kwa kile kipimajoto cha kulenga: nyumba ya thamostati 91, rejeta joto linashuka sawasawa kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea, hakuna doa baridi.

Saa 11:00 jioni

Hesabu, na maagizo. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa ya moto. Matope yakikauka, aoshe kutoka upande wa injini. Na mshale ukipanda halafu ukaanguka ghafla wakati injini bado inaunguruma kwa joto, asifurahi, azime mara moja, kwa sababu maji yakiisha kipimo hubaki hewani na kinaweza kudanganya.

Saa 2:00 usiku simu ikalia. Amepakia mbolea Njoro, amefika nyumbani, mshale ulikaa chini ya nusu njia nzima. Jirani yake ana gari kama hilo na linamsumbua vilevile. Nikamwambia amlete Alhamisi, na asikubali mtu amtolee thamostati kabla hajafika.