Kinanda cha mabomba ndani ya chumba cha mita tatu na nusu

Miguu ndiyo iliyoniaibisha. Nilikwenda mjini kwenye harusi ya binamu yangu, katika kanisa lenye kinanda cha mabomba. Ibada ilipoisha, mpiga kinanda wao, mzee wa makamo, akaniona nimesimama nakikodolea macho. "Njoo baba, kaa ujaribu." Nikakaa. Mikono haikuwa na shida, maana nina miaka kumi na minne nikiipigia kwaya ya usharika wetu. Kisha akasema, "Haya, besi sasa ichukue kwa miguu." Nikatazama chini. Kulikuwa na safu ya mbao ndefu kama ngazi iliyolazwa, na miguu yangu kwa miaka yote hiyo ilikuwa imefanya kazi moja tu, kugonga mapigo sakafuni.

Usharika wetu, huku pembeni ya Moshi, una Yamaha ya vitufe 61. Pedali, yaani vitufe vya kupiga kwa miguu, haina. Kinanda cha mabomba chenyewe huku kwetu si kitu unachokikuta parokia jirani ukaomba funguo ya kanisa uende kufanyia mazoezi. Nikarudi nyumbani na aibu yangu, nikaanza kutafuta namna.

Namna nikaipata kwenye kompyuta. Kuna programu zinazoigeuza kompyuta kuwa kinanda cha mabomba. Inayojulikana zaidi ni Hauptwerk, ambayo ni ya kulipia na bei yake si ya mwalimu wa sekondari. Nyingine ni GrandOrgue, ya bure kabisa, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Nikachukua hiyo. Ila programu peke yake ni kama meza isiyo na chakula. Unahitaji kinanda chenyewe, yaani seti ya sampuli zilizorekodiwa kwenye kinanda halisi cha kanisa fulani. Na usije ukafikiri kila seti inafunguka popote: nyingi za kulipia zimefungwa kwa kufuli, zinafunguka kwenye Hauptwerk tu.

Nieleze kidogo sampuli zinavyopatikana, kwa sababu nisingelielewa hili nisingelielewa makosa yangu mwenyewe. Warekodi huenda kanisani usiku, magari yakishapungua, wakasimika maikrofoni. Mmoja anavuta stopu moja, yaani kivutio kinachofungulia upepo safu moja ya mabomba, anabonyeza kitufe kimoja, anakishikilia sekunde kadhaa, anaachia, na wote wanakaa kimya mpaka mwangwi uishe. Kisha kitufe kinachofuata. Kinanda chenye stopu 20 na vitufe 56 tayari kina mabomba zaidi ya elfu moja, na kila bomba linarekodiwa peke yake. Baadaye, mezani, wanaondoa kelele ya feni inayosukuma upepo, wanatafuta katikati ya kila sauti kipande kinachoweza kuzungushwa bila mshono kusikika, ili ukishikilia noti dakika nzima isikatike.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye mkia, yaani mwangwi unaobaki kitufe kikishaachiwa. Kitufe kinachodonolewa tu hakiipi sauti muda wa kulijaza kanisa, kwa hiyo mwangwi wake ni mwembamba. Kikishikiliwa sekunde tatu, kuta zote zimeshaitika, na mwangwi wake ni mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana seti nzuri hurekodi kila bomba mara mbili au tatu, kwa kushikilia kifupi, wastani na kirefu, na programu inachagua mkia kulingana na muda uliokaa kwenye kitufe. Mara ya kwanza niliposikia jambo hili kwenye hedifoni zangu, nilikaa nikibonyeza noti moja tu, fupi, ndefu, fupi, ndefu, kama mtoto na swichi ya taa.

Sasa makosa. Nilianza kama walafi wote wanavyoanza. Kuna Mpoland anayeitwa Piotr Grabowski ambaye hutoa baadhi ya seti zake bure, na mojawapo ni ya kinanda cha Friesach, Austria. Nikanunua bando la usiku, nikaamka saa nane kuangalia imefikia wapi, nikalala, nikaamka tena. Kulipokucha nikaipakia yote, kwa ubora wa juu kabisa, kwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 8. Kompyuta ikaguna, taa ya diski ikawaka bila kuzima, kipanya kikaganda.

Nilipaswa kupiga hesabu kwanza. Sauti ya stirio ya biti 24, ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, hula baiti 288,000 kila sekunde moja. Bomba moja likiwa na sekunde nane za sauti ukijumlisha na mikia yake, hizo ni megabaiti 2.3. Zidisha kwa mabomba elfu moja na mia, unapata kama gigabaiti 2.5, na hiyo ni kwa kinanda cha stopu 20 tu. Kikubwa kinazidi hapo mara kadhaa, na vyote lazima vikae kwenye RAM, kwa sababu bomba haliwezi kusubiri diski. GrandOrgue inakuruhusu kupakia kwa biti 16, ukaokoa theluthi moja. Inaruhusu mono, sauti moja badala ya ya kulia na ya kushoto, ukaokoa nusu. Inaruhusu mkia mmoja badala ya mitatu, na hapo unakuwa umekata kilekile kilichokufanya uipende.

Nikabana hapa, nikabana pale, hatimaye kikafunguka. Nikapiga wimbo wa ibada kwa mwendo wa kwaya yetu. Ukatoka uji. Kila kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, iliikanyaga iliyotangulia. Nikalaumu kadi ya sauti, nikalaumu hedifoni, nikalaumu Linux. Siku ya tatu ndipo nikaelewa kwamba sikupakua kinanda tu, nilipakua na kanisa lake. Kuta za mawe, dari refu, vyote vimo ndani ya faili. Mpiga kinanda wa kanisa la namna hiyo hapigi kwa mwendo wangu. Anaachia noti mapema, anaacha jengo limalizie. Mimi nilikuwa napiga kama niko kwenye kanisa letu la bati, ambako sauti ikitoka haina pa kukaa.

Tangu hapo nikaacha kuhesabu stopu, nikawa nauliza jengo. Wenzangu wanaotafuta seti huota Salisbury ya Uingereza yenye kinanda kilichoundwa na Willis mwaka 1877, au Zwolle ya Uholanzi yenye kile cha akina Schnitger cha 1721. Vyote vimerekodiwa, na mimi navipenda kuvisikiliza. Kwa mazoezi ya miguu, hapana. Katika mwangwi wa kanisa kuu makosa yote yanafichika, na mtu anayejifunza hatakiwi kufichiwa makosa.

Nikaishia Uswidi kaskazini, katika mji mdogo wa Bureå. Lars Palo, mmoja wa wanaoiandika GrandOrgue yenyewe, amerekodi vinanda kadhaa vya huko na kuvitoa bure. Kimojawapo ni cha kapela ya mazishi. Kinanda kidogo, chumba kidogo, mwangwi mfupi, na RAM yangu ikakimeza bila kulalamika. Mke wangu nilipomweleza kinatoka wapi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hawana cha harusi.

Kuunganisha Yamaha kulikuwa rahisi: waya wa USB, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kibodi kwenye skrini, iambie isikilize, bonyeza kitufe cha chini kabisa na cha juu kabisa. Jambo moja lilinichekesha. Yamaha iliendelea kutoa piano yake chini ya kinanda cha Uswidi, mpaka nilipoishusha sauti yake hadi sifuri. Na usishangae ukibonyeza kwa nguvu au polepole sauti ikabaki ileile. Ndivyo bomba lilivyo. Upepo ama unapita ama haupiti.

Kuchelewa kwa sauti kulinisumbua juma zima. Nabonyeza, halafu sauti inakuja kama mtu aliyeitwa kutoka shambani. Dawa ilikuwa kupunguza bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa. Kwenye vipimo 48,000 kwa sekunde, bafa ya vipimo 1024 ni milisekunde 21, na hizo zinarundikana juu ya nyingine. Nilipotumia JACK, programu ya kusimamia sauti, na kushuka hadi 256, ambayo ni milisekunde 5 na kitu, mikono ikatulia. Nikijaribu kushuka zaidi, kompyuta yangu inaanza kukwaruza noti zikiwa nyingi.

Pedali ndiyo iliyokula muda na fedha. Za kununua zinatoka nje, na usafiri wake pekee unakatisha tamaa. Nikachora, nikapeleka kwa fundi seremala: vitufe 30, vyeupe 18 na vyeusi 12, upana karibu mita 1.2. Akaigeuza karatasi mara mbili. "Mwalimu, hiki ni kitanda au ngazi?" Nikamwambia ni kinanda. Akasema, "Cha kupiga kwa mguu?" Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kwa huruma, lakini kazi aliifanya safi, vyeupe kwa paina na vyeusi kwa mninga. Nilimwambia avipange sambamba na tambarare. Zile zilizopinda na kutanuka kama upepeo hupendeza zaidi mguuni, ila kuzichonga ni shughuli ya mtu mwenye mashine.

Kila kitufe kinahitaji springi ya kukirudisha juu. Nilihangaika sana, mpaka nilipoona ile inayorudisha pedali ya breki ya pikipiki. Nikaenda duka la spea, nikaomba thelathini. Muuzaji akauliza nina bodaboda ngapi.

Umeme alifanya mpwa wangu, anayesoma chuo cha ufundi. Chini ya kila kitufe kuna sumaku ndogo, na mbele yake swichi ya kioo inayojifunga sumaku ikikaribia. Swichi zote zinaingia kwenye Arduino Leonardo, bodi ndogo ya kielektroniki ambayo kompyuta inaweza kuiona moja kwa moja kama chombo cha midi, lugha ambayo vinanda vya umeme huzungumza na kompyuta. Kwa kuwa haina miguu 30 ya kuunganishia waya, akazipanga mistari 4 kwa 8 na kuweka dayodi moja, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwa kila swichi. Tulipowasha, kila noti ikapiga mara mbili, mara tatu, kama mwenye kigugumizi. "Mjomba, swichi inarukaruka kabla ya kutulia," akasema, akaongeza kwenye programu yake mistari michache ya kuisubiri milisekunde nane. Kigugumizi kikaisha.

Kisha besi. Kwenye hedifoni ilikuwapo, kwenye spika za kompyuta haikuwapo kabisa. Stopu ya futi 16 (ndio urefu wa bomba lake refu kuliko yote), kwa C ya chini kabisa, inatoa hezi 32.7, yaani mitetemo 32.7 kwa sekunde, na spika ndogo hazijui kitu hicho. Nikaunganisha sabufa ya sebuleni. Sasa besi ikaja, ila noti moja, G ya kwanza ya pedali, ilikuwa ikinguruma mpaka vikombe kabatini vinatetemeka, wakati jirani zake wamenyamaza. Nikafikiri ni kosa la aliyerekodi. Haikuwa hivyo. Chumba changu kina urefu wa mita 3.5, na chumba cha urefu huo hupokea kwa shangwe wimbi la hezi 49, lenye urefu mara mbili yake. Na G ile kwenye stopu ya futi 16 ni hezi 49 kamili. Sabufa ilikuwa kwenye kona, mahali pabaya kuliko pote. Nikaisogeza hadi karibu na katikati ya ukuta mrefu, ngurumo ikapungua sana. Haikuisha. Usiku natumia hedifoni, na majirani wananisalimia vizuri.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kuchosha na sina mengi ya kusema juu yake. Kidole cha mguu, kisigino, kidole, kisigino, nusu saa kila jioni kabla ya kusahihisha madaftari. Viatu vyembamba, si raba. Baada ya miezi mitano niliweza kupiga besi ya wimbo wa sauti nne bila kutazama chini.

Nilirudi kwa yule mzee. Miguu ilijua njia, ingawa pedali zake zimepinda na zangu ni tambarare, kwa hiyo nilikosea zile za mwishomwisho. Kitu ambacho kompyuta haikunifundisha ni upepo. Nilipovuta stopu zote na kushika kodi nzito, sauti ilishuka kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kwa sababu mabomba yote yanagawana upepo mmoja. Sampuli zilirekodiwa bomba mojamoja, hazijawahi kunyang'anyana chochote. Mzee akasema wao hilo hulilalamikia. Mimi nilirudia kodi ile mara tatu.

Hapa nyumbani F shapu ya chini huvimba kila masika na kung'ang'ania jirani yake. Fundi alishaniambia mbao hazikukaushwa vya kutosha, na kwamba angeniambia mapema kama angejua ni kinanda kweli. Randa naiweka chini ya kiti.