Komwe langu na sindano za damu

Msusi wangu wa Sinza akishika kichwa anavuta kama anafunga mzigo wa mkaa. Ukimwambia inauma anakujibu, "Vumilia dada, zikilegea kesho utasema nimekula hela yako." Mwaka juzi, kwenye harusi ya mdogo wangu, nilivumilia rasta zile mpaka nikalala kifudifudi, Panadol mbili tumboni, vipele vyeupe vimenitoka kwenye mashina ya nywele. Zilipofumuliwa, komwe lilikuwa limepanda.

Shoga yangu wa kazini ndiye aliyeniletea habari za PRP: unatolewa damu yako, inazungushwa kwenye mashine, kisha unachomwa kichwani kile kinachobaki juu ili nywele ziote. Alikuwa na mtu wake, kwenye kachumba nyuma ya saluni, bei nusu. Nikaenda. Kwenye sinia la chuma kulikuwa na vichupa vitatu vya damu, hakuna chenye jina. Nikauliza ni vya nani. Dada mwenye glavu akanicheka: "Wewe chako si kitakuwa cha nne?"

Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Jioni ndiyo nikasoma ya New Mexico, Marekani, ambako spa moja ilifungwa 2018 baada ya wateja waliofanyiwa uso kwa damu kukutwa na VVU. CDC, taasisi ya kwao ya kudhibiti magonjwa, ilitoa taarifa yake 2024. Damu yako haikupi ugonjwa ambao huna. Hatari iko kwenye sindano iliyorudiwa na kichupa cha mwenzako.

Basi nikajipeleka kwa daktari wa ngozi, mama mtu mzima. Alinikagua kwa lenzi kimya muda mrefu. Pembe ya kushoto akaona vinyweleo laini kama vya kichanga. Kulia kulikuwa na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kinang'aa, hakina hata kitundu.

"Hapa pamegeuka kovu, mwanangu. Hata nikikuchoma ndoo nzima, haoti mtu."

Nilimpenda hapo hapo. Angeweza kula hela yangu ya pembe zote mbili.

Alinipima kwanza wingi wa damu, akanikataza diclofenac na aspirini. Siku yenyewe nesi aliandika jina langu kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia damu isigande, akanitaka nilisome kwa sauti. Mashine ilipotulia nikaonyeshwa: chini nyekundu nzito, katikati utando mwembamba mweupe, juu maji ya rangi ya mafuta ya alizeti. Karibu na ule utando ndiko zinakojazana chembe sahani, zile zinazoziba ukijikata kisu na kumwaga protini za kuamsha tishu zipone. Kwa kawaida mtu ana 150,000 hadi 450,000 kwenye mikrolita moja ya damu. Kazi ya mashine ni kuzisonganisha ziwe mara kadhaa ya hapo.

Sindano zinauma. Ganzi ya kupaka ni ya kukupa moyo tu. Nilirudi na daladala nimejifunga mtandio, paji limevimba, konda ananiita mama.

Mama yangu aliposikia akataka achomwe goti. Nilimuulizia. Daktari akanieleza utafiti wa Australia wa 2021: watu 288 wenye magoti yaliyosagika, nusu wakachomwa PRP, nusu maji ya chumvi, na baada ya mwaka maumivu hayakutofautiana kwa maana. Mama alinuna siku mbili, kisha akarudia mazoezi yake.

Mimi nilichoma tatu, mwezi hadi mwezi. Kushoto nywele zimerudi, fupi, zinashikika kwa kitana. Ila na rasta niliacha siku ile ile, kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Kulia bado panang'aa.

Wiki iliyopita nikarudi Sinza, nikaomba mabutu makubwa, yasiyobana. Msusi akapapasa komwe langu, akaguna.

"Dada, nani huyo alikuharibu kichwa hivi?"