Miche chotara ya maharage inayokufa bila ugonjwa

Huku Misungwi, mche wa maharage ukifa mapema watu husema ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa udongoni, na mara nyingi ni kweli. Yangu haikuwa hivyo. Nilikuwa nimepandanisha maharage ya punje ndogo, yanayovumilia jua letu, na ya punje kubwa yanayopendwa sokoni Mwanza. Mbegu ziliota vizuri, kisha majani mawili ya kwanza yakawa ya njano, yakakunjamana, na mche ukadumaa. Niling'oa mmoja. Mizizi ya chini ilikuwa ya kahawia, ila juu yake, karibu na uso wa udongo, shina lilikuwa likitoa vijizizi vipya vyeupe. Kinyausi hulainisha shina mpaka mche ulale. Shina hili lilikuwa gumu.

Mzee jirani alinishauri, "Mwanangu, punguza maji." Duka la pembejeo wakasema dawa ya ukungu. Mimi nilichemsha udongo ili kuua ukungu, nikapanda wazazi wote wawili sambamba na chotara wao. Wazazi wakastawi, chotara wakafa. Nikageuza, aliyekuwa baba akawa mama: matokeo yale yale. Basi, shida ilikuwa ndani ya mche wenyewe.

Maharage ya punje ndogo asili yake ni Amerika ya Kati, ya punje kubwa ni milima ya Andes, na kila kundi lilianza kulimwa na watu wake. Mengi ya kundi la kwanza yana jeni DL1, mengi ya la pili yana DL2. Kila moja peke yake halina madhara. Zikikutana, mche huharibika. Jambo linalofanana na hili lilielezwa mwaka 2007 na Kirsten Bomblies, Detlef Weigel na wenzao, kwenye kimmea kiitwacho Arabidopsis: jeni la kinga la mzazi mmoja, likikutana na jeni la mzazi mwingine, huwasha ulinzi bila adui yeyote, kama walinzi wawili wa zamu wasiojuana. Chotara wao waliugua kwenye nyuzijoto 16 na kukua vizuri kwenye 23. Kwangu hili linasisimua sana, kwamba kinga inaweza kuua mwenye nayo.

Nilitafuta aina ya tatu, isiyo na jeni hata moja kati ya hizo mbili. Njia ni kupandanisha: ukitoa chavua kwenye ua changa kwa kibano kabla halijafunguka, kisha ukapaka chavua ya mwingine, miche itakujibu. Aina moja ya kienyeji ilizaa miche mizima na pande zote mbili. Nikaichanganya kwanza na punje ndogo, uzao wake nikaupandanisha na punje kubwa. Takriban nusu ya miche, iliyorithi DL1, ilidumaa, nusu ikapanda juu na kutoa maua.

Hiyo mizima ndiyo ninayoiendeleza. Nikiirudisha kwa mzazi wa punje ndogo, nusu ya uzao itakufa tena, kwa hiyo nachavusha maua mengi zaidi na kupanda mbegu za ziada.