Fungu la Chausiku

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba uhusiano wa ajabu kati ya chembe zilizofungamana kikwantamu, yaani chembe ambazo majibu ya vipimo vyake huhusiana hata zikiwa mbali mbali, hugawanywa kama mkate, kwamba walaji wakiongezeka kila mmoja hupata kipande kidogo zaidi. Jioni moja nilikaa na kalamu na karatasi, nikagundua kwamba sivyo.

Tuwachukue Asha, Baraka na Chausiku, kila mmoja na chembe yake, wakiwa mbali mbali. Kila mmoja huchagua kipimo kimoja kati ya viwili na hupata jibu la +1 au −1. Asha na Baraka wakilinganisha majibu yao kwa kanuni ya CHSH (herufi za kwanza za majina ya wabunifu wake wanne) ya mwaka 1969, iliyojengwa juu ya kazi ya mwanafizikia John Bell ya mwaka 1964, hupata namba moja inayopima jinsi majibu yao yanavyohusiana. Kama chembe zilikuja na majibu tayari mfukoni, namba hiyo haizidi 2. Chembe zilizofungamana huipandisha hadi takriban 2.83, na hapo ndipo kikomo.

Mwaka 2006 wanafizikia Benjamin Toner na Frank Verstraete walionyesha kwamba mraba wa namba ya Asha na Baraka, ukijumlishwa na mraba wa namba ya Asha na Chausiku, hauzidi 8. Nilijaribu 2.5: mraba wake ni 6.25, inabaki 1.75, na Chausiku hawezi kuvuka 1.32. Baraka akifika kileleni, Chausiku anaambulia sifuri. Hapa hakuna ukewenza, na ndiyo maana watunza siri wanaipenda kanuni hii, kwa kuwa Chausiku angeweza kuwa jasusi.

Lakini mwaka 2015 Silva na wenzake waliuliza swali jingine: vipi ikiwa Chausiku hana chembe yake, bali anapokea ileile ya Baraka baada ya Baraka kuipima kwa mguso hafifu? Baraka akipima kwa nguvu ya 0.8, ambapo 1 ni kipimo kamili, na kifaa chake kikiwa bora kadiri inavyowezekana, wote wawili hufikia takriban 2.26 na Asha yuleyule. Kikomo cha 8 hakijavunjwa. Hakihusiki tu, kwa sababu sasa chembe yenyewe hubeba athari ya mkono wa Baraka hadi kwa Chausiku.

Mwaka 2020 Brown na Colbeck walithibitisha kwamba foleni hiyo ya wanaopokezana chembe moja inaweza kurefushwa kadiri mtu apendavyo, ingawa ziada inayovuka 2 hupungua kwa kasi ya kutisha kwa kila anayeongezeka.