Nilivyopata vocha ya nyumba nilipotoka fosta hapa Louisville

Nilizaliwa tarehe 1 Januari, kama watu wengi niliokua nao kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Siku yenyewe haikujulikana, ofisa akaandika mwanzo wa mwaka, yakaisha. Kambini tulikuwa tunachekeana tu. Huku Marekani tarehe hiyo ilinigeukia, maana mtoto aliye fosta, yaani kwenye malezi ya kambo chini ya serikali, umri wake huhesabiwa kwa karatasi. Kwa hiyo mimi nilitakiwa kutoka siku ya mwaka mpya, ofisi zote zimefungwa.

Niliingia fosta nikiwa na miaka 15, mama alipofariki hapa Louisville, Kentucky. Nilipofika 18 ningeweza kuondoka, lakini jimbo hili linamruhusu kijana kuomba aendelee hadi 21, nami nikabaki. Wengi wetu tukiambiwa "sasa wewe ni mtu mzima" tunafungasha siku hiyohiyo. Tulia kwanza. Huku hupati hata chumba kimoja bila hati za mshahara na pesa ya dhamana, na mwenye nyumba ataangalia pia kama umewahi kukopa na kulipa.

Ofisa wa ustawi niliyekuwa naye mwaka ule wa mwisho aliniambia nijiandikishe mtandaoni kwenye foleni ya kawaida ya Section 8, mpango wa serikali wa kusaidia watu kulipa kodi ya nyumba. Foleni hiyo watu hungoja miaka. Aliyenifumbua macho ni dada mmoja Mkongo tunayesali naye, ambaye alitoka fosta kabla yangu.

"Mdogo wangu, usiende kuomba kwa watu wa nyumba," aliniambia. "Wao hawana ruhusa ya kukupa ukienda mwenyewe. Rudi kwa watu wa ustawi, uwaambie wakuandikie FYI."

FYI ni Foster Youth to Independence, mpango ulioanzishwa na HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, mwaka 2019. Ni vocha, yaani msaada wa kulipa kodi ya nyumba, kwa kijana wa miaka 18 hadi 24 aliyetoka fosta akiwa na miaka 16 au zaidi, au, kwa kanuni ya wakati wangu, ambaye zimebaki siku 90 au pungufu atoke, na ambaye hana makazi au yuko hatarini kuyakosa. Idara ya watoto, yaani hao watu wa ustawi, ndiyo inayothibitisha kwamba ulikuwa mikononi mwao, kisha inakupeleka kwa mamlaka ya nyumba. Bila uthibitisho wao hakuna kinachosogea, hata ulie pale dirishani.

Nilirudi ustawi mwezi Oktoba, zile siku 90 zikianza kuhesabika. Nilikuta ofisa mpya, na huyu alikuwa mtu wa kazi. Shida ikawa karatasi. Kwa sheria, kijana akitoka fosta idara impe cheti cha kuzaliwa, kadi ya Soshali Sekyuriti, kitambulisho na rekodi zake za matibabu. Cheti cha kuzaliwa mimi sikuwahi kuwa nacho, na dirishani mtu wa mamlaka ya nyumba akashikilia hichohicho. Yule ofisa mpya, dada wa ustawi, akapeleka nakala ya I-94, karatasi ya uhamiaji niliyoingia nayo nchini, pamoja na grini kadi, akaeleza kwamba mkimbizi anastahili msaada huu na hali yake inathibitishwa kwa hati za uhamiaji. Likapita. Kama una I-94 ya zamani, itunze kama roho yako.

Januari 2024 vocha ikatoka, na hapo ndipo jasho lilipoanza. Vocha si nyumba. Kuna muda maalumu wa kutafuta, na ukitaka nyongeza uombe kwa maandishi kabla haujaisha. Mama yangu wa fosta aliniambia nikae kwake hadi nipate, na kwa kweli bila yeye sijui ningelala wapi.

Kila nilipopiga simu nikitaja Section 8, jibu lilikuwa hapana. Louisville ilikuwa na kanuni ya kumkataza mwenye nyumba kukukataa kwa sababu ya vocha tu, lakini mapema mwaka huohuo bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kuzizuia kanuni kama hizo za miji, gavana akaipinga, wakaipitisha hivyohivyo. Basi nikaacha makampuni makubwa, nikawa nazunguka kwa basi upande wa kusini, karibu na Iroquois Park, nikisoma vibao vya nyumba za watu binafsi.

Aliyenikubali ni mzee wa Kibosnia, na yeye alikuja huku mkimbizi miaka ya 1990. Nilimwekea faili mezani: hati za mshahara wangu wa zamu ya usiku UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, barua ya dada wa ustawi, na barua ya mama wa fosta. Hofu yake haikuwa mimi, ilikuwa ukaguzi. Nilimweleza kwamba mkaguzi huja kabla sijahamia, na kwamba sehemu ya mamlaka ya nyumba huingia moja kwa moja kwenye akaunti yake kila mwezi. Hilo la pili ndilo lililomlainisha. Ukaguzi wa kwanza tulianguka kwa king'amua moshi kibovu na dirisha lisilofunga. Alitengeneza mwenyewe, tukapita.

Dhamana vocha hailipi. Hiyo nililipa kwa akiba yangu. Ila mapema, kabla sijafika 21, nilikuwa nimeomba fedha za Chafee, mfuko wa serikali kuu kwa vijana wa fosta, zikaninunulia kitanda na vyombo.

Kodi yangu sasa ni kama asilimia 30 ya mapato yangu baada ya makato, na mapato yakipanda natakiwa kutoa taarifa. Vocha ni ya miezi 36. Kwa anayefanya kazi, anayesoma au aliyejiunga na mpango wa kujitegemea wa mamlaka ya nyumba, sheria ya Desemba 2020 inaongeza juu yake miezi mingine hadi 24. Mimi nasoma chuo cha Jefferson, karo inalipwa kupitia ile zamu ya usiku, kwa hiyo nyongeza naitarajia.

Lililonisumbua kuliko yote ni ndugu. Mtoto wa baba mdogo alikuja kutoka Dayton na mabegi, akitaka alale sebuleni "mpaka mambo yakae sawa". Nikamwonyesha mkataba: asiyeandikwa humo haishi hapa, na nikikamatwa vocha inaweza kuondoka. Alisema nimekuwa Mzungu. Alikasirika, akapata chumba na wenzake wa kazini, na bado anakuja kula sombe. Kama ndugu yako kweli hana pa kwenda, omba kibali cha mamlaka ya nyumba na cha mwenye nyumba kabla hajaleta mzigo, na ujue kwamba mshahara wake utajumlishwa na wako, na kodi itapanda.